Utangulizi: Kuifahamu Ngozi Kabla ya Kuikata

Utangulizi huu nimemwandikia mtu ambaye hajawahi kukata hata mkanda mmoja wa ngozi, hasa akiwa mkazi wa Enguserosambu, kata ya nyanda za juu katika tarafa ya Loliondo, wilayani Ngorongoro, ambako msitu wa mierezi unapanda milima kuelekea mpaka wa Kenya. Kama unasoma ukiwa Karatu, Wasso au kokote kwenye mifugo, jihesabu kuwa umo.

Wanaoanza fani hii huja na swali moja: ninunue zana gani? Swali ni zuri na nitalijibu, ila nakuomba univumilie kidogo. Zana za ngozi ni chache na huzoeleka haraka. Mafundi hutofautiana kwa namna wanavyoifahamu ngozi yenyewe: imetoka sehemu gani ya mnyama, inavutika kuelekea wapi, ina maji kiasi gani, na imepitia nini kabla ya kufika mezani. Asiyejua hayo anaweza kukata vizuri na kushona vizuri, na bado mkanda wake ukapinda au kurefuka kabla haujamaliza msimu mmoja.

Hapo ndipo ninapofurahi kukuandikia wewe. Wanafunzi wengi wa mjini huanza masomo ya ngozi wakiwa hawajawahi kumshika ng'ombe. Wewe umekua naye. Unajua kwamba ngozi ya shingo hukunjana, kwamba tumbo hulegea ng'ombe akizeeka, kwamba mahali palipoumwa na kupe hubaki kovu. Hiyo ni elimu ya ngozi, hata kama hakuna aliyekuambia hivyo. Kazi yangu ni kukusaidia kuipanga, nikiongeza yale machache ambayo boma halikukufundisha.

Unayoyajua tayari

Kabla shuka hazijaenea katikati ya karne ya 20, vazi la Mmasai lilikuwa ngozi ya mbuzi, ya kondoo au ya ndama, na kazi ya kuiandaa ilikuwa ya wanawake. Kama koko wako, yaani bibi, yupo, mwombe akueleze hatua zake, naye atakupa somo la kwanza la chuo. Ngozi mbichi hutandazwa chini, upande wa manyoya ukiangalia ardhi, ikavutwa pande zote na kupigiliwa vigingi vya mti pembezoni. Ikikauka hukwanguliwa mabaki ya nyama na mafuta, na kama ni ya kuvaa, manyoya nayo huondolewa. Kisha hupakwa mafuta, ikasuguliwa na kukunjwakunjwa kwa mikono hadi ikubali kulegea. Kila hatua hapo ina sababu yake ya kisayansi, na tutazifikia moja baada ya nyingine.

Ngozi haikuishia kwenye mavazi. Ilitoa enkeene, kamba ya ngozi iliyofunga mizigo mgongoni mwa punda. Ngozi ya nyati ilitoa elongo, ngao ya morani. Kabla ya katambuga za tairi, miguu ilivaa namuka za ngozi ya ng'ombe. Na ala ya sime ilitengenezwa kwa vipande vyembamba vya mbao vilivyovikwa ngozi mbichi iliyoloweshwa, ikashonwa, ikaachwa ikauke hadi ibane, kisha ikapakwa rangi nyekundu. Hata shanga, ambazo siku hizi wageni wanaokwenda Serengeti na kreta ya Ngorongoro huzitazama kwa hamu, nyingi zilishonewa juu ya ngozi. Mwanamke anayejua kushona shanga ana jicho la nafasi sawa na mkono wa kuvuta uzi kwa nguvu ileile kila mara. Fundi viatu hutumia muda mrefu kuupata ujuzi huo.

Majirani nao hawako nyuma. Wadatoga wa bonde la Ziwa Eyasi, wilayani Karatu, wanajulikana kwa mavazi ya ngozi ya wanawake wao, yaliyopambwa kwa shanga na kukatwa vishada. Huko pwani, Unguja na Lamu, mafundi wameshona makubadhi kwa vizazi vingi, viatu vya wazi vya ngozi vyenye nakshi. Ukiingia katika fani hii unaingia katika nyumba kubwa ambayo wazee wako wana chumba chao.

Ngozi ni nini hasa

Chukua kipande cha ngozi ya ng'ombe ukitazame ubavuni, pale kilipokatwa. Ngozi mbichi ina tabaka tatu. La juu ni jembamba sana, nalo huondoka pamoja na manyoya. La chini ni utando wa nyama na mafuta unaoishikiza ngozi mwilini, nao hukwanguliwa. Linalobaki katikati ndilo fundi analolitaka.

Tabaka hilo la kati limejengwa kwa kolajeni. Hii ni aina ya protini ambayo mwili huisokota kuwa nyuzi imara. Ndiyo hiyo iliyomo pia kwenye kano. Karibu na juu, nyuzi hizo ni nyembamba na zimebanana. Sehemu hiyo tunaiita uso wa ngozi, ule upande laini wenye vitundu vidogo yalikokuwa manyoya. Kuelekea chini nyuzi ni nene zaidi na zimeachana kidogo. Huo ni upande wa nyama, unaoonekana wenye malaika malaika ukiupapasa.

Jinsi nyuzi zilivyokaa ndio ufunguo wa mambo mengi, kwa hiyo tusiharakishe hapa. Fikiria uzio wa miiba wa boma. Hakuna aliyeyafuma matawi yale kwa mpango, lakini ukishika moja na kulivuta, mengine kumi yanakufuata, kwa sababu kila tawi limejifunga kwa jirani zake juu, chini na pembeni. Nyuzi za kolajeni zimeshikana kwa namna hiyo. Kitambaa kina nyuzi zinazokwenda pande mbili tu, ndiyo maana ukikikata bila kukipinda pindo, hufumuka. Ngozi ukiikata haifumuki. Unaweza kuikata mkanda wa upana wa kidole ukauacha hivyo hivyo, nao utadumu.

Sasa tuje kwenye maji. Ngozi iliyochunwa sasa hivi, karibu theluthi mbili ya uzito wake ni maji. Maji hayo yamekaa kati ya nyuzi na kuziachanisha, ndiyo maana ngozi mbichi ni laini. Yakibaki, bakteria huingia kazini na ngozi huoza, na katika joto huanza ndani ya saa chache. Yakitoka, nyuzi hugusana na kugandana, na ngozi huwa ngumu kama unavyoijua. Historia nzima ya ufundi wa ngozi, tangu zamani hadi viwandani leo, ni jitihada za kutatua tatizo hilo moja: maji yatoke, ngozi isioze, na bado nyuzi zisigandane.

Joto nalo lina kanuni yake. Ngozi mbichi yenye maji ikifikia takribani nyuzijoto 60 za Selsiasi hujikunja na kusinyaa ghafla, na ikiendelea kuchemka hugeuka uji wa gundi. Maseremala wa zamani waliipata gundi yao kwa njia hiyo. Kwa hiyo usiloweke ngozi mbichi katika maji ya moto eti ilainike haraka, wala usikaushe kazi yako kando ya moto.

Hali tatu za ngozi

Wanaoanza huchanganyikiwa kwa sababu neno "ngozi" hutumika kwa vitu vitatu vyenye tabia tofauti. Tuvitenganishe.

Cha kwanza ni ngozi kavu, yaani ngozi mbichi iliyotolewa maji tu. Ni ngumu, hulia ukiigonga, na mwanga hupenya kidogo ikiwa nyembamba. Ndiyo inayowambwa kwenye ngoma na kuvikwa kwenye ala ya sime. Kuwamba ni kuivuta ngozi ikiwa bado imelowa juu ya fremu au mdomo wa ngoma na kuifunga. Ikikauka husinyaa, na kule kusinyaa ndiko kunakoikaza. Waswahili walishasema, ngozi ivute i maji. Methali hiyo hutumika katika malezi ya watoto, ila fundi anaweza kuichukua kama ilivyo: ukichelewa hadi maji yatoke, umbo lililopo ndilo litakalobaki. Udhaifu wa ngozi kavu ni kwamba ikilowa hurudi kuwa mbichi, na huweza kuoza.

Cha pili ni ngozi iliyolainishwa kwa mafuta, ile ya koko. Kuikunjakunja hutenganisha nyuzi zilizoanza kugandana, na mafuta huingia kati yake yakazizuia zisigandane tena. Matokeo ni ngozi laini, nzuri kuvaa na kulalia. Ila mafuta yamejaza nafasi tu, hayakujifunga na nyuzi. Mvua ya kutosha huyaondoa, na kazi huanza upya.

Cha tatu ni ngozi iliyosindikwa. Kusindika ngozi ni kuingiza kati ya nyuzi kitu ambacho kinajifunga nazo moja kwa moja, kisiondolewe na maji. Nyuzi zikishafungwa hivyo, bakteria hawazili kwa urahisi, hazigandani zikikauka, na huvumilia joto kubwa zaidi. Viatu, mikanda na pochi za dukani karibu zote hutokana na ngozi ya namna hii.

Kama una kipande na hujui ni cha hali gani, kiloweke usiku kucha, kisha kikaushe kivulini. Kikirudi kigumu, ni ngozi kavu au ya mafuta. Kikirudi kinakunjika, kimesindikwa. Fanya jaribio hili kwa mikono yako hata kama unaamini ninayosema. Ukikipapasa asubuhi na jioni kinapokauka, vidole vyako vitajua jinsi ngozi inavyopoteza maji, jambo ambalo sentensi zangu haziwezi kukupa.

Magome na kromu

Kitu cha kwanza cha kusindikia ni tanini. Tanini ni kemikali ya mimea iliyomo kwenye magome, majani na matunda ya miti mingi, na ndiyo inayoukausha ulimi ukinywa chai ya rangi iliyokolea. Wewe umeshaionja kwa njia nyingine. Kama umewahi kunywa supu ya nyama iliyochemshiwa magome ya olkiloriti, ule mkazo uliouhisi kinywani ni wa tanini ikishikana na protini. Kwenye ngozi hufanya vivyo hivyo, ila inakaa. Huko Sudani matunda ya mti huohuo ndiyo yaliyotumika tangu zamani kusindikia ngozi.

Usindikaji wa magome ni wa polepole. Ngozi hukaa wiki kadhaa, na ile nene hata miezi, ikihamishwa kutoka maji mepesi ya magome kwenda mazito, ili tanini iingie hadi katikati. Ukianza na maji mazito, tabaka la nje hujifunga haraka na kuizuia tanini isipite, ukabaki na ngozi ambayo nje ni nzuri na ndani ni mbichi. Kabla ya hapo ngozi huwa imeloweshwa, imewekwa kwenye maji ya chokaa ili manyoya yalegee na nyuzi zifunguke, imekwanguliwa pande zote mbili na kuondolewa chokaa. Chokaa huunguza, kwa hiyo glavu na maji safi ya kunawa viwe karibu. Ngozi inayotoka huko ni ya rangi ya kahawia, imara, na ikilowa kidogo hupokea umbo na nakshi na kuzishika ikikauka.

Tanzania ina mti wake maarufu kwa kazi hii, nao ni mwati, ulioletwa kutoka Australia. Kampuni ya Tanganyika Wattle iliyoanzishwa Njombe mwaka 1949 ilipanda mashamba makubwa ya miwati kwa ajili ya magome yake, na tanini iliyokamuliwa humo imeuzwa hadi nje ya nchi.

Hapa niseme neno kwa mwenyeji wa Enguserosambu. Ukisikia magome yanasindika ngozi, macho yataelekea msituni. Tafadhali, usichubue miti hai ya msitu ambao jamii yenyewe imeulinda na unaotunza chemchemi zenu. Mti uliochubuliwa gome kuzunguka shina hufa, maana chakula kutoka majanini hushuka kwenye mizizi kupitia humo. Magome ya majaribio yapate kwenye mti ulioanguka au miwati iliyopandwa. Kwa kazi ya kweli, nunua ngozi iliyokwisha kusindikwa.

Kitu cha pili ni chumvi za kromu. Kromu ni madini, na matumizi yake kwenye ngozi yaliingia viwandani baada ya Augustus Schultz kupata hataza yake Marekani mwaka 1884. Kromu ilibadili kila kitu, kwa kuwa kazi ya miezi ikawa ya siku moja au mbili. Ngozi ya kromu ikitoka kwenye pipa huwa ya buluu kabla ya kupakwa rangi, huvutika, ni laini, na huvumilia joto hata la maji yanayochemka. Ni nzuri kwa viatu na mikoba. Haishiki umbo kwa maji kama ile ya magome, na kingo zake hazing'ai kwa kusuguliwa. Usindikaji wa kromu uache viwandani. Maji yake machafu yanahitaji kusafishwa kabla ya kumwagwa, na boma lenye kisima au mto halina mtambo wa kuyasafisha.

Ukienda dukani, iangalie ngozi ubavuni. Ikiwa ya kahawia kutoka uso hadi upande wa nyama, yaelekea ni ya magome. Ikiwa na mstari wa kijivu au buluu katikati, ni ya kromu. Kwa anayeanza, napendekeza ya magome. Husamehe zaidi, na hukufundisha zaidi.

Kuisoma ngozi

Tandaza ngozi nzima ya ng'ombe mbele yako, au mfikirie ng'ombe unayemjua amelala kifudifudi. Kando ya uti wa mgongo, kuanzia mabegani hadi mkiani, nyuzi zimebanana na unene haubadiliki sana. Hapo hukatwa mikanda, nyayo za viatu na kila kitu kinachobeba uzito. Shingo ni nene ila ina mikunjo. Inafaa kwa vipande vifupi. Tumbo na kwapa ni pembamba na hulegea, kwa hiyo weka huko bitana na vipande vya majaribio. Kwa jumla, ngozi huvutika kidogo ukiivuta sambamba na uti wa mgongo, na huvutika zaidi ukiivuta kuelekea tumboni. Mkanda uliokatwa kwa kuufuata mgongo hautarefuka ovyo. Ukiukata kuelekea tumboni, utarefuka.

Kisha tazama makovu. Kupe huacha vidoa, mwiba huacha mchirizi, na chapa ya moto huua kabisa mahali ilipowekwa. Chapa kubwa ubavuni au kwenye paja la juu inaharibu eneo la thamani kuliko yote, ilhali ingeweza kuwekwa shavuni au chini mguuni. Kisu cha mchunaji nacho kikiteleza hutoboa au hukwaruza upande wa nyama, na ngozi hukatika hapohapo siku ikivutwa. Ngozi hupangwa kwa madaraja sokoni, na Tanzania ina Sheria ya Biashara ya Ngozi ya mwaka 2008 inayosimamia mambo haya. Kwa hiyo fundi wa ngozi na mfugaji wana jambo la kuzungumza muda mrefu kabla ya kuchinja.

Baada ya kuchuna, ngozi ihifadhiwe mapema, ndani ya saa chache. Njia ya kawaida ni chumvi, kama theluthi moja ya uzito wa ngozi, inayosambazwa upande wote wa nyama. Ukiwa huna chumvi, iwambe kwenye fremu ya miti iliyosimama, kivulini, hewa ipite pande zote mbili. Kuianika chini juani kuna hatari moja isiyoonekana: uso hukauka haraka na kufunga njia, maji yakabaki katikati na kuiozesha. Ukija kuiloweka, inabanduka vipandevipande.

Na magadi ya Ziwa Natron je, kwa kuwa yapo wilayani kwetu? Hapana. Magadi si chumvi ya kuhifadhia. Kwa tabia yanafanana na chokaa, huivimbisha ngozi na kuilegeza badala ya kuifyonza maji.

Onyo moja ni la uhai wako. Mnyama aliyekufa ghafla, hasa akitokwa na damu nyeusi isiyoganda puani au nyuma, usimchune, hata kama ngozi yake ni nzuri. Huenda ni kimeta, ugonjwa ambao wilaya ya Ngorongoro inaufahamu. Mbegu za vijidudu vyake hukaa kwenye ngozi na ardhini miaka mingi, na binadamu huupata kwa kushika ngozi hiyo. Mwite afisa mifugo, mzoga uachwe mzima.

Zana, na kazi ya kwanza

Sasa tulijibu lile swali. Utahitaji kisu chenye ncha kali, rula ya chuma, ubao wa kukatia, msharasi, sindano mbili butu, uzi imara uliopakwa nta, bikari ya shule na kipande cha msasa. Msharasi ni ule mchokoo wenye mpini ambao fundi viatu hutobolea matundu. Bikari utaitumia kuchora mstari ulio sambamba na ukingo na kugawa nafasi za matundu. Ngozi nunua vipande vya mabaki kwanza. Viwandani na kwa mafundi wa mjini huuzwa kwa bei nafuu.

Kazi ya kwanza iwe mkanda wa kengele ya ng'ombe. Nimeuchagua kwa sababu ni kipande kimoja kilichonyooka, kina mshono mfupi, na kina mtumiaji asiyebembeleza.

Mpime ng'ombe shingo kwa kamba, uongeze kiasi cha kupishanisha. Tengeneza kiolezo, yaani umbo la karatasi ngumu lenye vipimo kamili, ili makosa yafanyike kwenye karatasi. Chagua ngozi ya mgongoni yenye unene wa milimita 3 hadi 4, weka kiolezo kufuata uti wa mgongo, na ukate kwa kuvuta kisu kando ya rula mara kadhaa kwa nguvu ndogo. Kukata kwa pigo moja la nguvu hukipindisha kisu ndani ya ngozi, na ukingo hutoka wa mshazari.

Mwisho wa mkanda ukunje ukishika pete ya kengele, na hapo ndipo utashona. Chora mstari milimita 4 kutoka ukingoni, uweke alama kila milimita 5, na utoboe kwa msharasi ukiwa wima. Mshono utakaotumia ni wa sindano mbili: uzi mmoja, sindano kila ncha. Urefu wa uzi uwe kama mara nne ya urefu wa mshono. Pitisha sindano kwenye tundu la kwanza, sawazisha uzi pande zote, kisha kila tundu linalofuata lipitiwe na sindano zote mbili, moja kutoka kushoto na nyingine kutoka kulia. Angalia sindano ya pili isiuchome uzi uliokwisha kupita. Vuta pande zote mbili kwa pamoja, kwa nguvu ileile. Ukifika mwisho, rudi matundu mawili au matatu nyuma, ukate uzi.

Huenda ukauliza kwa nini tusitumie cherehani. Mshono wa cherehani una nyuzi mbili zinazoshikana katikati, na mmoja ukilika, mwingine unaweza kuachia kwa mfululizo. Katika mshono wa sindano mbili, uzi umevuka kila tundu mara mbili. Ukikatika mahali pamoja, sehemu nyingine inabaki imeshika. Kwa kifaa kinachosuguliwa na vichaka kutwa nzima, hiyo ndiyo tofauti kati ya kengele iliyopo na kengele iliyopotea.

Malizia kingo. Zipitishe msasa, zipake maji kidogo kwa kidole, kisha zisugue haraka kwa kipande laini cha mti hadi zing'ae. Nyuzi zilizosimama hulala na kushikamana, na maji ya mvua hayaingii kwa urahisi. Paka mafuta kidogo upande wa uso, uache yanyonywe.

Kuendelea mbele

Baada ya mkanda, jaribu ala ya kisu kwa ngozi ya magome: kifunge kisu kwa nailoni kisipate kutu, lowesha ngozi hadi ikubali kukunjika, ibonyeze kufuata umbo na uiache ikauke kivulini. Hapo utakutana tena na mafundi wa ala ya sime, ila sasa ukijua kwa nini ngozi yao ilibana. Kisha pochi, yenye ngozi ya milimita 1 hivi na vipande vingi vya kupanga, na baadaye viatu vya wazi, ambapo unene, mwelekeo na mshono vyote hukutana mguuni mwa mtu. Atakayetaka kwenda mbali zaidi, kwenye kemia ya usindikaji na uendeshaji wa karakana, ipo Kampasi ya Mwanza ya Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, inayofundisha teknolojia ya ngozi.

Usikimbilie huko kabla ya kumaliza somo la mkanda, na somo hilo haliishi siku unapomvika ng'ombe. Mwache autembeze msimu mzima wa mvua, kisha uuvue na kuukagua. Tazama kama umerefuka, ulinganishe na kiolezo. Tazama ni tundu gani limeanza kupanuka, ni ukingo upi umefumuka malaika, uzi umelika upande gani, mafuta yamekauka wapi kwanza. Andika unachokiona nyuma ya kiolezo kilekile, kirekebishe, kisha ukate mkanda wa pili.